Kwanza Tazama, Jina Litakuja

Haya, wapwa zangu, sogeeni. Leo mjomba wenu anawapeleka Kizimkazi.

Kizimkazi iko kusini kabisa mwa Unguja. Pana msikiti mkongwe pale, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Pana boti zimetia nanga karibu na ufukwe. Pana pomboo, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuwaona. Na kusi linapovuma, kuanzia Julai mpaka Oktoba, kuna mgeni mwingine anayepita nje ya miamba.

Mgeni huyo ni mkubwa. Mkubwa kiasi gani? Tokeni uani, pigeni hatua ndefu kumi na tano. Haya, mmefika wapi? Wengine mmeshampita jirani! Urefu wake ndio huo, mita 15. Uzito wake unafika tani 30. Anaitwa nyangumi wa nundu.

Tuna siku mbili za mafunzo, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi tunabaki nchi kavu. Jumapili, bahari ikikubali, tunapanda boti.

Naona mmoja kashanuna. “Mjomba, mbona hatupandi boti leo?”

Kwa sababu macho yako bado hayajafundwa, mpwa wangu. Bahari ni kubwa, na nyangumi haji kukusalimia mkono kwa mkono. Anatokea mara moja, kipande tu, kisha anazama. Asiyefundwa ataona maji. Aliyefundwa ataona nyangumi. Kwa hiyo shikeni neno langu hili la kwanza, maana nitalirudia mpaka mlichoke: kwanza tazama, jina litakuja.

“Mjomba, nyangumi si samaki?”

Ah! Swali zuri hilo. Aliyeuliza apewe andazi la pili.

Nyangumi si samaki. Damu yake ni ya moto. Anazaa mtoto, hatagi mayai. Anamnyonyesha. Ana mapafu, kwa hiyo lazima aje juu kuvuta pumzi. Na mkia wake umekaa tofauti. Samaki huchezesha mkia kushoto na kulia. Nyangumi huupeleka juu na chini. Umewahi kusikia habari za papa potwe wa kule Mafia, mwenye madoa meupe mgongoni? Yule ni mkubwa kweli, na wapo wanaomwita nyangumi. Lakini mtazame mkia. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Ni samaki, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana haja ya kuja juu kuvuta pumzi.

Mmeona? Hatujafungua kitabu, na tumeshawatenganisha viumbe wawili kwa mkia peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jioni unapokaa barazani, mtu akatokea mwisho wa njia, uso wake huuoni. Yuko mbali. Lakini wewe unasema, “Bibi yule anakuja.” Umejuaje? Umeona anavyoburuta kandambili. Umeona alivyojitanda kanga. Umeona mkono mmoja kiunoni, kwa sababu mgongo unamsumbua. Uso hukuuhitaji. Kumjua nyangumi ni hivyo hivyo. Hutamwona mzima. Utaona anavyopumua, anavyoinama, anavyokwenda zake. Hivyo ndivyo utakavyomjua.

Tuanze na pumzi. Pumzi ndiyo inayoonekana mbali kuliko vyote.

Nyangumi akifika juu ya maji, hutoa hewa kwa nguvu kupitia pua zake, na pua ziko juu ya kichwa. Unaona kitu cheupe kimepanda angani, kisha upepo unakitawanya. Wengi hudhani ni maji aliyoyameza. Hapana. Ni hewa kutoka mapafuni, yenye unyevu, imechanganyika na maji machache yaliyokuwa juu ya pua. Kama uko karibu na upepo unakujia, utasikia na harufu yake. Si harufu ya kujipaka!

Nyangumi wa nundu ana matundu mawili ya pua. Pumzi yake ni fupi na nene, inapanda mita 3 hivi, imetanuka juu. Lakini yuko nyangumi mwingine mwenye meno, anayekaa kwenye kina kirefu, na kichwa chake ni theluthi moja ya mwili mzima. Huyo ana tundu moja tu, tena liko upande wa kushoto, mbele kabisa ya kichwa. Pumzi yake haipandi wima. Inalala mbele, upande wa kushoto. Ukiiona pumzi iliyolala hivyo, hata kama mwili hujauona, umeshajua. Na nyangumi wa buluu, mkubwa kuliko wanyama wote, pumzi yake ni nguzo ndefu iliyosimama. Na kule Afrika Kusini, katika mji wa Hermanus, wanapita nyangumi wasio na pezi la mgongoni, na pumzi yao hugawanyika pande mbili, moja huku, moja kule. Mji huo tangu mwaka 1992 una mtu wa kupuliza baragumu la mwani mkubwa wa baharini kuwatangazia watu kwamba nyangumi wameonekana. Kazi yake ni hiyo. Mnaitaka? Na mimi naitaka.

Kisha mgongo. Nyangumi wa nundu ana pezi dogo, limekaa nyuma ya katikati ya mgongo, na chini yake pameinuka kidogo. Anapotaka kuzama kwa muda mrefu, anaupinda mgongo juu kabisa. Hapo ndipo nundu inapoonekana. Ukiuona mgongo umepinda hivyo, nyamaza, shika kamera, usipepese macho. Maana kinachofuata ni mkia.

Mkia nitauacha kwanza. Mkia una maneno yake mwenyewe, tutausikiliza kesho.

Yako pia mapezi ya kifuani. Mapezi ya nyangumi wa nundu ni marefu mno, theluthi moja ya mwili, hakuna nyangumi mwingine anayefikia. Akilala ubavu, hunyanyua moja juu na kulipiga majini, pa! Na kichwa chake kina vinundu vinundu, na kila kinundu kina unywele mmoja. Mnashangaa nyangumi ana nywele? Ananyonyesha, ana mapafu, ana nywele. Ni ndugu wa karibu zaidi wa ng’ombe na wa kiboko, kuliko alivyo ndugu wa changu na kibua.

Basi, alasiri ya Jumamosi. Tunapanda juu ya jabali la pwani, mahali palipoinuka. Kila mtu anagawiwa kipande chake cha bahari. Wewe kuanzia ule mkoko mpaka ile boti ya buluu. Wewe kuanzia boti mpaka pale mawimbi yanapovunjika. Usitamani kipande cha mwenzio! Tazama kwa macho matupu kwanza, polepole, kushoto kwenda kulia. Darubini ni ya baadaye. Darubini inaonyesha mbali, lakini inaonyesha padogo, na anayeanza nayo hupitwa na mengi.

Mtoto mmoja anaruka. “Nyangumi! Nyangumi!”

Wote tunageuka. Tunangoja. Tunangoja tena. Hakuna kitu. Lilikuwa wimbi, limevunjika likawa jeupe. Kusi lina mchezo huo.

Nani atamcheka? Asimcheke mtu. Mimi nampenda mtoto anayepaza sauti kuliko anayeona akanyamaza. Lakini sasa fungua daftari. Andika nini? “Nyangumi”? Hapana. Andika saa, andika upande, andika ulichokiona: kitu cheupe, mara moja, hakikurudi. Kwanza tazama, jina litakuja. Na leo halikuja. Basi.

Daftari la mtazamaji lina maneno matatu ya kufungia kila mstari: hakika, labda, sijui. Watoto wengi huliogopa neno la tatu. Wanadhani mwalimu atakasirika. Nami nawaambieni kwa moyo wangu wote, mtafiti wa bahari analithamini daftari lenye “sijui” za kweli kuliko lenye “hakika” za uongo. Uongo mmoja ukiingia kwenye hesabu ya nyangumi, hautoki. Mtu akija kesho kutaka kujua nyangumi wanaongezeka au wanapungua, atajibiwa na wimbi.

“Mjomba, nitajuaje kama ni pumzi au ni wimbi?”

Vizuri sana, endelea kuuliza hivyo. Pumzi hurudi. Nyangumi akija juu, huvuta pumzi mara kadhaa, moja, mbili, tatu, nne, akisogea mbele kidogo kila mara. Kisha anapinda mgongo na kuzama, na anaweza kukaa chini dakika 10, dakika 15, au zaidi. Kwa hiyo ukiona cheupe, itazame saa, kisha angalia mbele kidogo ya pale pale. Kikitokea tena, na tena, kwa mwendo, una mnyama. Kisipotokea, una wimbi.

Usiku, baada ya kula, tunasikiliza. Zipo sauti zilizonaswa kwa maikrofoni za majini. Ni madume wa nyangumi wa nundu, wanaimba. Majike hawaimbi. Wimbo una sehemu zake na mpangilio wake. Unachukua kama dakika 10 mpaka 20, ukimalizika unaanza tena, na dume anaweza kuurudia kwa saa nyingi. Roger Payne na Scott McVay waliueleza mpangilio huo mwaka 1971, na kabla ya hapo watu wengi hawakujua kabisa kwamba zile kelele za chini ya bahari ni nyimbo. Mwaka 1977 sauti za nyangumi hao ziliwekwa kwenye sahani mbili zilizopakwa dhahabu, zikafungwa kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager, vikarushwa. Vimeshatoka mbali sana na Jua. Vinaendelea kwenda na wimbo ule.

Haya, mkalale. Kesho alfajiri.

Jumapili tunaondoka mapema, kabla upepo haujapata nguvu. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Asiyevaa anabaki na mjomba ufukweni, na mjomba hataki kubaki. Tunamwamkia nahodha, shikamoo, marahaba, tunapanda. Na kabla injini haijawashwa, tunakubaliana jambo moja: namna ya kuonyeshana.

Ukisema “Kule! Kule!” nani atajua ni kule wapi? Baharini hakuna mnazi wala nyumba. Kwa hiyo tunaigeuza boti kuwa uso wa saa. Omo, mbele kabisa, ndiko mshale unakotazama juu. Sisi tunapaita saa sita. Mkono wa kulia ni saa tisa. Tezi, nyuma kabisa, ni saa kumi na mbili. Mkono wa kushoto ni saa tatu. Ukiona pumzi upande wa kulia wa boti, sema tu “Saa tisa!” na wote watageuka. Kama ndani ya boti kuna wageni wanaohesabu saa kwa namna yao, kubalianeni kwanza, msije mkageukiana migongo.

“Mjomba, hawezi kutula?”

Hawezi. Nyangumi wa nundu hana jino hata moja. Mdomoni ana mabamba marefu yenye nyuzi, yanayoning’inia kutoka taya la juu. Chakula chake ni viumbe wadogo jamii ya uduvi, na samaki wadogo. Anajaza mdomo maji mengi pamoja na chakula, anayasukuma maji nje kupitia zile nyuzi, chakula kinabaki. Na huku kwetu hali kabisa, au anakula kidogo mno.

“Hali? Sasa amekuja kufanya nini?”

Amekuja kuzaa na kutafuta mwenza. Chakula chake kiko kusini, baharini kuzunguka Antaktika, kwenye barafu. Huko anakula miezi mingi, ananenepa, anajaza mafuta chini ya ngozi. Kisha anapanda kaskazini, maelfu ya kilomita, mpaka Msumbiji, Madagaska, Komoro, Tanzania, Kenya. Mimba ni kama miezi 11 au 12. Mtoto anazaliwa na urefu wa mita 4 na zaidi, na uzito unaokaribia tani moja. Mtoto huyo ananyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi, na mama anayatengeneza kutoka kwenye akiba ya mwili wake, huku yeye mwenyewe hali. Wiki baada ya wiki.

Ndiyo maana nahodha wetu hakimbizi boti. Katika nchi nyingi boti huambiwa isimkaribie nyangumi chini ya mita 100, na mama mwenye mtoto aachiwe nafasi zaidi. Usimjie kwa nyuma, atadhani anafukuzwa. Usimzibie njia mbele. Nenda naye ubavuni, kwa mbali, mwendo wa taratibu, na akikusogelea yeye, injini ipumzike. Kila mara mama anapokimbia boti, anachoma mafuta aliyoyaweka kwa ajili ya mtoto. Na hapa Kizimkazi hilo si jambo la kubuni. Pomboo wa hapa wamezungukwa na boti kwa miaka mingi, watu wakiwarukia majini, na watafiti wameandika jinsi pomboo hao wanavyokosa nafasi ya kupumzika na kunyonyesha. Nyangumi yule naye ni mama, yuko na mwanawe. Hatakiwi kulipa kwa sababu sisi tumelipa.

“Saa tisa! Saa tisa!”

Nani kasema? Wewe mdogo? Umeona vizuri! Pumzi nene, fupi. Mara ya pili. Mara ya tatu. Pezi dogo. Mgongo unapinda. Kamera juu, wanangu, huo unakuja, huo…

Na sasa mwacheni mkia aseme mwenyewe.

“Mimi ni mkia. Mnacheka? Chekeni, lakini nitazameni. Upande wangu wa juu hauna habari nyingi. Habari yangu iko chini, na siionyeshi ila ninapozama. Chini yangu pana weusi na weupe, na hakuna mkia mwingine duniani uliopangwa hivi. Mwingine ni mweupe karibu wote. Mwingine ni mweusi tititi. Mwingine ana mstari, mwingine ana doa, mwingine ana makovu ya meno ya nyangumi wauaji waliomshambulia akiwa mchanga. Ukingo wangu wa nyuma una meno meno, na hayo nayo ni yangu peke yangu. Nilipokuwa mtoto, rangi zangu zilibadilika kidogo. Sasa nimekua, zimetulia. Ukinipiga picha leo na mwenzio akanipiga miaka kumi baadaye, mkizilinganisha mtanijua.

“Miaka ya 1970 mtu mmoja wa Marekani, Steven Katona, na wenzake walianza kuzikusanya picha zetu, mkia mmoja baada ya mwingine, wakazilinganisha kwa macho. Kazi ya subira hiyo! Siku hizi iko tovuti iitwayo Happywhale. Mtu yeyote hutuma picha, na kompyuta hulinganisha.

“Basi nikuambieni safari yangu. Mwaka 2013 niliinuka kwenye maji ya Pasifiki, ubavuni mwa Colombia, Amerika ya Kusini. Mtu akanipiga picha. Mwaka 2017 nikainuka tena Colombia. Picha. Kisha mwaka 2022 nikainuka tena. Wapi? Hapa! Kati ya Unguja na bara! Picha. Wakaziweka pamoja. Ni mimi yule yule.”

Kimya, kimya, nasikia mnauliza wote kwa pamoja! “Ni mbali kiasi gani?” Zaidi ya kilomita 13,000. Watafiti walipima kwa njia iliyo fupi kuliko zote wakapata kilomita 13,046, na nyangumi hafuati mstari ulionyooka, kwa hiyo ameogelea zaidi. Habari hiyo ilichapishwa mwezi Desemba 2024. Ni dume. Huenda alifuata chakula, huenda alifuata majike, watafiti wameyataja yote mawili. Lakini tazameni kilichowezesha tukajua. Mtu mmoja Colombia alipiga picha. Mtu mwingine huku kwetu akapiga picha. Hawakujuana. Kila mmoja alisubiri mgongo upinde, akaupiga mkia kwa chini, akaandika siku na mahali. Wasingeandika mahali, ingekuwa picha nzuri ya mkia, basi.

Wako na wasiosafiri. Kule Oman, walikokuwa wakienda majahazi ya babu zetu, wanaishi nyangumi wa nundu ambao hawaendi Antaktika kabisa. Wanakaa Bahari ya Arabu mwaka mzima. Wanakula wapi? Pale pale. Upepo ule ule wa kusi, ukifika kwenye pwani ya Oman, huyasukuma maji ya juu, na maji ya baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini, chakula kinajaa. Nyangumi hao ni wachache mno. Watafiti wanakadiria hawafiki 100. Mmoja wao, jike aliyeitwa Luban, alifungwa chombo cha setilaiti mwaka 2017, akavuka bahari mpaka India. Fikirini, chini ya 100. Hao, kila mkia unaopigwa picha una maana kubwa, maana wanaweza kuhesabiwa mmoja mmoja.

“Mjomba, mbona ni wachache?”

Kaa karibu nami, hili ni zito kidogo.

Watu waliwaua. Katika karne ya 20, kusini mwa dunia peke yake, nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa kwa mafuta na nyama. Mwaka 1963 ilikatazwa kuwawinda kusini. Lakini meli za Umoja wa Kisovieti ziliendelea kwa siri, zikitoa hesabu za uongo, na ukweli ulikuja kujulikana miaka mingi baadaye. Mnakumbuka nilivyosema kuhusu uongo unapoingia kwenye hesabu? Mwaka 1979 nchi ndogo ya Shelisheli, jirani yetu, ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, na mataifa yakakubali. Shelisheli, wanangu! Visiwa vidogo, na vikazungumza kwa niaba ya bahari nzima. Mwaka 1986 uwindaji wa biashara ukasimamishwa karibu dunia nzima. Tangu hapo nyangumi wa nundu wa kusini wameongezeka, wengi sana. Kwa hiyo yule mliyemwona saa tisa ya boti, babu zenu walipokuwa na umri wenu, nafasi yao ya kumwona ilikuwa ndogo kuliko yenu.

Sasa hivi vinavyomdhuru ni vingine. Jarife likitandazwa njiani kwake, humnasa. Meli kubwa humgonga. Boti ndogo humsumbua. Hayo yote yanahitaji kujulikana yanatokea wapi na lini, na ndipo daftari lako linapohitajika. Ukimwona amenaswa, usiruke majini kumkata kamba, hata kama unaogelea kuliko wote mtaani. Ni tani 30 za hofu. Mwambie nahodha, mwambie mkubwa, aite wanaojua kazi hiyo.

Boti inarudi. Mmoja wenu ameloa, mmoja ametapika, mmoja amelala begani kwangu. Madaftari yako salama ndani ya mfuko wa plastiki. Hebu nisome. “Saa 2:40 asubuhi. Pumzi nne. Nene, fupi. Pezi dogo. Mkia juu, chini yake kuna weupe upande wa kushoto. Nyangumi wa nundu. Hakika.” Na chini yake: “Saa 3:15. Kitu kirefu cheusi, mbali. Hakikupumua. Sijui.” Hongera! Ukurasa huu nautaka ufike kwa watafiti kama ulivyo, na hiyo “sijui” isifutwe.

Nanyi mnaonisoma mko Mtwara, Mafia, Pemba, Tanga, Watamu, Lamu, msisubiri mafunzo ya mjomba. Msimu unaanza Julai. Tafuteni mahali palipoinuka, gawaneni bahari, tazameni. Mvuvi akiwa na picha ya mkia kwenye simu yake, mwombeni kwa adabu, muulizeni siku gani na wapi, kisha mtu mzima awasaidie kuituma Happywhale. Haina malipo. Picha iliyolala kwenye simu haimsaidii nyangumi hata mmoja. Itumeni.